Nguo za Usiku Usizivae Mchana

Moshi,
Juni 8

Rafiki yangu Zawadi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, ila baridi ya Juni imeshaingia, asubuhi watoto wanagoma kutoka kitandani. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie ndizi alizoagiza nimeshazipata, bado kumpata wa kumpa aje nazo.

Tangu uliponipigia kuniambia kwamba mmekubaliana kazini mje mwezi ujao mpande Mlima Kilimanjaro mpaka vibanda vya Mandara, mlale usiku mmoja na kesho yake mshuke, nimefurahi kweli. Miaka yote nakuambia njoo uone mlima kwa karibu, leo unakuja na watu tisa! Uliniuliza ubebe nini, nikakujibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa dukani na wateja wamesimama. Baadaye nikaona sijakutendea haki. Ndiyo maana nimekaa jioni hii nikuandikie vizuri.

Nianze na jambo moja ambalo ukilisahau hata ukabeba duka zima halitakusaidia. Funga seti moja ya nguo kavu: suruali nzito ya kulalia, fulana ya mikono mirefu, sweta, soksi nene na kofia ya sufi. Zifunge kwenye nailoni, uziweke chini kabisa ya begi, na usiziguse mpaka ufike kwenye vibanda. Usizivae hata ukisikia baridi njiani, wala usimwazime mtu. Hizo ni nguo za usiku.

Nitakuambia nilivyojifunza. Mara yangu ya kwanza nilitoka geti la Marangu nimevaa jinzi na fulana ya pamba. Jua lilikuwa linawaka, nikaona baridi wanayoisema ni maneno ya watu. Baada ya saa moja msituni nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima, na yakaanza manyunyu, yale ambayo hata huoni sababu ya kutoa koti. Nikatembea hivyo hivyo mpaka juu. Nilipofika nilikuwa na furaha, mwili una moto, nikakaa barazani na kikombe cha chai napiga picha. Haikupita nusu saa nikaanza kutetemeka mpaka chai inamwagika. Nikafungua begi nibadilishe nguo, kumbe maji yamepita kwenye zipu, kila kitu kimelowa. Jinzi ilikuwa nzito kama gunia, inanibana mapajani na baridi yake. Mmoja wa wapagazi, mtu mzima wa umri wa baba zetu, akanitazama, akaenda kwenye mzigo wake mwenyewe, akatoa sweta lililoviringishwa ndani ya nailoni, kavu kabisa, lina harufu ya sabuni ya mche. Akaniambia, "Dada, huku nguo za usiku hazivaliwi mchana." Sijasahau mpaka leo. Yeye alilala na koti tu.

Sababu yake ni rahisi. Maji hunyonya joto la mwili haraka sana kuliko hewa, na pamba ikishalowa inashikilia maji haikauki. Ukiwa unatembea husikii kwa sababu mwili unazalisha joto. Ukikaa tu, umekwisha. Na hali ya hewa ya juu siyo ya Dar. Kadiri unavyopanda joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Mandara iko kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, nyinyi mnaishi pale pale baharini. Usiku wa Julai wenye nyuzi 20 ambao mnauita baridi huko Dar, piga hesabu mwenyewe: Mandara utakuta nyuzi 4 hivi.

Kwa hiyo mchana vaa kitu kinachokauka. Usiingie duka la gharama, chukua jezi ya mpira. Ya Simba, ya Yanga, yoyote, ni poliesta, jasho linapita na upepo ukipiga inakauka haraka. Chini vaa suruali ya traki, siyo jinzi kabisa. Sweta lako lisiwe la pamba. Nenda mitumba pale soko la Karume asubuhi wanapofungua mabelo, tafuta yale mepesi ya manyoya manyoya, geuza ndani usome lebo. Ukiona poliesta au sufi, chukua. Ukiona pamba asilimia 100, rudisha hata kama ni zuri. Kanga moja njoo nayo, ndiyo, ni pamba, lakini itakusaidia kubadilishia nguo maana mtalala wengi kwenye kibanda kimoja. Iweke pamoja na zile za usiku.

Mvua usiidharau kwa kuwa mnakuja kiangazi. Ule ni msitu wa mvua, una ukungu na manyunyu mwaka mzima, ndiyo maana miti yake imevaa ndevu za kijani kila tawi. Njoo na koti la mvua lenye kofia, au lile la kujifunika mwili mzima pamoja na begi. Begi lenyewe usiamini ukiambiwa haliingizi maji. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua nailoni nzito inayouzwa kwa mita, itandike ndani ya begi kwanza, panga vitu, halafu kunja juu.

Sasa viatu. Hapa nataka unisikilize sana maana ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kiatu kipya siku ya safari ni mateso. Kiatu cha mtumba nacho kina hila yake. Buti za mlimani nyingi zina sponji kati ya soli na ngozi, na ile sponji huzeeka hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa macho utaona buti safi, imara, bei nzuri. Ukitembea saa tatu kwenye unyevu, sponji inakatika kama mkate mkavu na soli inabaki njiani. Nimemwona binti mmoja anashuka na soli imefungwa kwa kamba ya katani, kila hatua kumi anasimama. Basi unapochagua, bonyeza ile sponji kwa kidole gumba kwa nguvu zote, halafu kunja kiatu mpaka ncha ikaribie kisigino. Ukiona nyufa au unga unga, achana nacho, hata fundi hatakusaidia maana uzi hautashika kitu kilichooza. Kikiwa kizima, mpelekee fundi viatu akishone soli kuzunguka kote, gundi peke yake haitoshi. Kijaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nene, na vidole visiguse mbele. Kushuka ndiko kunakoua kucha, siyo kupanda, na kucha uzikate siku mbili kabla.

Halafu uvivae. Kila siku. Nenda navyo kazini, sokoni, kanisani ukiweza. Mwezi mmoja unatosha.

Mazoezi yako ni haya. Dar hakuna mlima, lakini ofisi yenu ina ngazi. Weka kwenye begi pakiti za unga wa sembe, anza na kilo tatu, wiki ya pili tano, wiki ya tatu sita, upande na kushuka nusu saa kabla hujaenda nyumbani. Kushuka nako ni zoezi, magoti yatakushukuru. Jumamosi moja au mbili nendeni vilima vya Pugu, kule Kisarawe, mtembee saa nne tano na mzigo. Yule atakayeona shida Pugu bora aone shida karibu na daladala. Kutoka getini mpaka Mandara ni kama kilomita nane, njia ni nzuri, mnapanda zaidi ya mita 800, saa tatu hadi nne kwa mwendo wa pole pole. Na hiyo pole pole waongozaji wanayoiimba iheshimu. Kipimo chake ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umekwenda mbio.

Begi lenye mkanda wa kiunoni ndilo zuri. Utaona watu wanaliacha lining'inie mabegani tu, jioni shingo haigeuki. Legeza kamba zote, kaza kwanza mkanda juu ya mifupa ya nyonga, kisha ndiyo uvute za mabegani. Uzito unakaa kiunoni. Wapagazi watakuwepo, sisi huku tunawaita wagumu, na mzigo wao una mwisho wa kilo 20, unapimwa getini. Usimtwike mwenzako vipodozi na viatu vya akiba. Lakini hata kama unaye wa kukubebea, koti la mvua, maji, chakula cha njiani na dawa zako vikae mgongoni kwako, kwa sababu wao hutangulia, na mvua haitakusubiri umfikie.

Vibanda vya Mandara vina vitanda na magodoro, kwa hiyo hema na mkeka viache. Unachohitaji ni slipingi begi, ule mfuko wa kulalia wenye zipu. Yangu nitakupa, ile ya bluu. Wenzako watakaokodisha hapa Moshi waambie waifungue pale pale dukani, waingie ndani, wafunge na kufungua zipu mara tatu. Mwaka juzi nilichukua moja kwa haraka bila kuijaribu, usiku zipu ikaachia, nikalala nimeishika kwa mkono mpaka asubuhi. Kwenye lebo huwa kuna namba tatu za joto. Namba ya juu ndiyo ya mtu kulala kwa raha, ya katikati ni ya kujikunyata, ya chini kabisa ni ya kunusurika tu. Wenye maduka hupenda kukuonyesha ya chini. Wewe angalia ya juu, na isizidi sifuri.

Na nikufundishe kitu kimoja kitamu. Kabla ya kulala omba maji ya moto jikoni, jaza kwenye chupa ngumu yenye mfuniko unaokaza sawasawa, igeuze uone kama inavuja, ivike soksi, uingie nayo kitandani. Iweke kwanza miguuni, baadaye katikati ya mapaja. Asubuhi unayanywa. Simu nayo ilale humo humo, baridi inamaliza chaji, na siwezi kuvumilia ukose picha za kilele cha Mawenzi. Tochi yako iwe ya kichwani, maana utaamka usiku kwenda chooni na mikono utaihitaji. Ukitoka, zima kidogo utazame juu.

Chakula cha jioni mtapikiwa. Cha njiani beba mwenyewe: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi mbivu, karanga, kashata, tende. Kula kidogo kidogo kila saa, usisubiri njaa. Maji lita mbili mpaka tatu, na pakiti mbili za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Plasta ya malengelenge ibandike pale unapohisi moto tu, kabla hayajatoka. Taulo za kike njoo nazo hata kama siyo tarehe zako, safari huweza kuvuruga hesabu. Taka zako zote, karatasi na maganda, unashuka nazo.

Kichwa kikiuma kidogo usiku usiogope, urefu ule unatosha kukigusa. Kunywa maji, pumzika. Ukianza kutapika, au kuyumba, au kichwa kinazidi badala ya kupungua, mwambie mwongozaji usiku huo huo. Usinyamaze kwa sababu ya aibu mbele ya bosi wako! Na yule mwenzako mwenye pumu aonane na daktari wake kabla, na dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni, siyo kwa mgumu.

Mkifika mapema, mkabadilisha nguo, ombeni mpelekwe Maundi, ni mwendo mfupi tu kutoka vibandani. Ni shimo la volkano ya zamani, ukizunguka ukingo wake mawingu yakikubali unaona Kenya upande ule. Njiani utawaona mbega wanaruka na mikia yao meupe, nyamaza usimame. Mimi pale Maundi hulia kila mara, sijui kwa nini, na ningependa siku moja tusimame wote wawili.

Sasa nijibu haraka: unavaa kiatu namba ngapi siku hizi, bado 39? Dada yangu ameniachia buti nzima kabisa, nimeibonyeza na kuikunja jana, na fundi wa pale kona ameshaishona. Ukisema inakutosha nitaifunga pamoja na sweta, Jumanne nimpe kondakta wa basi la asubuhi, uifuate stendi jioni. Nataka uivae wiki nne nzima kabla hujaja.

Rafiki yako,
Rehema