Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Zana Zetu za Kuweka Sawa Miguu ya Ndege

Assalaam alaykum wanachama wenzangu wa Unguja na Pemba. Mambo ya ada katibu na mshika fedha washayaandika, alhamdulillah hatudaiwi na mtu, kwahio mimi nnataka nafasi yangu yote niizungumzie ile kazi ya zana za mkono za kupimia miguu ya ndege ndogo, mana ndo iliyotushughulisha khasa mwaka huu na bado haijesha.

Kwa wale wanachama wapya, shida yenyewe ni hivi. Hizi ndege ndogo za Cessna Caravan tunazoziona kila siku zikiruka uwanja wa ndege wa Kisauni kwenda Pemba na Dar, miguu yake haikunjwi, iko nje wakati wote na inabeba kishindo cha kila kutua. Tairi moja ikitazama nje kidogo au ndani kidogo, inasugua lami badala ya kubingirika, inalika upande mmoja, na rubani anahisi ndege inamvuta. Tairi za ndege si bei ya kuchezea. Na kinachotafutwa ni kidogo mno, kwenye ringi ukipima mbele na nyuma kwa masafa ya sentimita 15, digrii moja ni kama milimita 2.6 tu, nusu yake 1.3. Jicho halioni hapo, na futi ya fundi seremala haitoshi.

Kitu nilichokipigania kamati nzima ni kwamba zana nzuri ya kazi hii haitumii nguvu. Walikuja vijana na michoro ya majeki na vyuma vya kusukumia mguu, michoro mizuri kwa kweli, lakini mguu wa springi wa Cessna ukishausukuma umeshaupa sura isiyo yake na chochote utakachopima baadae ni uongo. Ndege inatakiwa ikae yenyewe ilivyo, na kinachoizuia isikae ni tairi kung'ang'ania chini. Ndo mana tukaanza na sahani za grisi, bati mbili za alumini zinalaliana na grisi katikati, unaweka chini ya kila tairi kubwa, unaitikisa ndege kidogo na mguu unateleza mpaka unapotaka kukaa. Mafundi wa ndege wanazitumia dunia nzima, sisi hatukuvumbua. Tulichoongeza ni mambo ya hapa kwetu, pindo la mpira pembezoni kuzuia mchanga, mana mchanga ukiingia kwenye grisi sahani haitelezi tena, na kingo zote zimepigwa tupa zikawa duara ili zisikate tairi.

Baada ya hapo inakuja rula ndefu ya boksi la alumini, inapita mbele ya tairi zote mbili kwenye usawa wa ekseli, halafu guni, yaani kile kipimio cha pembe mraba, linaegemezwa kwenye rula na unapima nafasi kwenye ringi, mbele na nyuma. Jamani, rula hii msiiache juani upande mmoja, alumini ikipata joto upande mmoja inapinda na nyinyi mtalaumu mguu. Kuijaribu hakutaki mashine, chora mstari, igeuze rula upande wa pili, chora tena palepale, mwanya utakaouona kati ya mistari ni mara mbili ya kosa la rula. Guni nalo unalipima kwa kuligeuza vivyo hivyo. Nnataka kila mwanachama alijue hili kwa mikono yake.

Kupima tairi imelala kiasi gani ni pimamaji ya dijitali kwenye kipande kinachokaa juu ya ringi, ila uwanja wa kuegeshea ndege umepewa mwinamo wa kutoa maji ya mvua, kwahio sakafu inapimwa mwanzo. Upepo wa tairi nao uwe sawa kabla ya yote, na uzito wa ndege wakati wa kupima ni ule uliosemwa kwenye muongozo wa mtengenezaji, si tunaouona sisi unafaa. Marekebisho yenyewe, kwa Cessna ndogo nyingi ni shimu za mshazari, yaani vibati vyembamba vya kujazia, kati ya ekseli na mguu, na kwa ndege ndogo ya Piper PA-28 ni washa, vile vibati vya duara vyenye tundu, kwenye mikasi, yaani vile vyuma viwili vya mguu vinavyozuia gurudumu lisizunguke upande, na hapo anashika injinia mwenye leseni. Sisi tunatengeneza zana, hatusaini ndege.

Chumvi imetufunza pia. Skrubu za stenlesi tulizofunga kwenye alumini zimeanza kula alumini pembeni mwake, toleo jipya litakuwa na washa za plastiki kati. Na kila pini ya zana zetu imefungwa kwa waya, mana pini iliyosahaulika kwenye gurudumu la ndege ni hatari.

Sasa ombi langu. Kuna wanaotaka pesa za akiba tununue mashine nyengine ya kukereza. Mimi nasema tununue meza ya granaiti ya kupimia na tuzipeleke rula na maguni yetu TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kule Dar yakapimwe na kupewa cheti, kwani bila ya hivyo hakuna karakana ya ndege itakayoruhusiwa kutumia zana zetu, hata zikiwa nzuri vipi. Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu. Wenzetu wa Chake Chake wasioweza kuvuka wampe katibu wa tawi kura zao kwa maandishi, na ile seti ya sahani iliyobaki Pemba ije na boti kabla ya mkutano tuikague.