Matangazo ya shule yasiishie WhatsApp

Mhariri, naomba kanafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Hii tabia ya shule za msingi kuweka kila tangazo kwenye grupu la WhatsApp inatuumiza sisi wenye vitochi, yaani visimu vidogo visivyo na WhatsApp, unashtukia tu saa mbili usiku mtoto anakwambia mama kesho tuna UMITASHUMTA (yale mashindano ya michezo ya shule za msingi) ngazi ya kata natakiwa raba na bukta, sasa duka gani liko wazi saa hizo na hela yenyewe iko wapi? Elimu bila malipo tunayo tangu 2016, tunashukuru, ila michango ya chakula inajadiliwa kwenye vikao na vikao vyenyewe tunavisikia vimeshapita, ukiuliza unaambiwa "si tuliposti". Mliposti wapi jamani!

Zamani mwalimu anaandika ubaoni, watoto wanakopi kwenye daftari, mzazi anasaini, imeisha. Sasa hivi hata karatasi moja ibandikwe getini na nyingine ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti wetu ana kipaza sauti anatangazaga mpaka mbuzi aliyepotea, atashindwa kikao cha wazazi? Na wa grupuni nao wapunguze salamu za asubuhi, jirani anayenisomeaga anasema tangazo linafukiwa na picha za maua.

Mama wa darasa la tano,
Mbagala, Dar es Salaam