Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu, Mlinzi wa Mwisho

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba maumivu ya shingo uliyomwambia mama yako yamepungua. Ameniarifu kwamba tangu Jumamosi ile ulipotolewa uwanjani kwa kumgonga mpinzani hutaki kuzungumza na mtu, na kwamba ulipopokea simu yake ulisema jambo moja tu: umeonewa. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu ungeniitikia "ndiyo, mjomba" mpaka mwisho, na mambo yangebaki pale pale. Nimeamua kuandika, tena hadharani bila kutaja jina lako wala la chuo chako, kwa sababu nazijua familia nyingine za Waswahili hapa Marekani ambazo vijana wao wameingia katika futiboli ya Kimarekani, na wazazi wanashangilia jukwaani bila kujua mtoto wao ametumwa kufanya kazi gani pale uwanjani.

Kwa ajili ya hao nitaeleza machache unayoyajua. Mlinzi wa mwisho husimama nyuma ya wenzake wote, yadi 10 au 15 kutoka mstari ambapo mpira unaanzishwa, ili atakayewapenya wengine asimpenye yeye. Walinzi wa mbele hukabana kifua kwa kifua ndani ya hatua mbili tatu. Yeye huja akiwa kwenye mbio kali, kwa hiyo kishindo chake huwa kikubwa, na anayekutana nacho mara nyingi ni mpokeaji aliyenyoosha mikono juu kuudaka mpira, mbavu zikiwa wazi na macho yakiwa hewani. Kwa miaka mingi kishindo hicho ndicho kilichowajengea walinzi wa mwisho sifa. Iliaminika kwamba mpokeaji akishagongwa vizuri mara moja katikati ya uwanja, mara ya pili atasikiliza hatua za mlinzi badala ya kuutazama mpira.

Sheria ya kulenga kichwa ilikuja kuikata imani hiyo. Inamkataza mchezaji kumgonga mpinzani yeyote kwa utosi wa helmeti, na inakataza kumgonga kichwani au shingoni, hata kwa bega au kiwiko, mpinzani asiye na namna ya kujikinga, na mpokeaji aliye katika kudaka ndiye wa kwanza kutajwa. Tangu msimu wa 2013 adhabu yake katika michezo ya vyuo si timu kurudishwa nyuma yadi 15 pekee, bali mkosaji hutolewa nje. Na kosa likitokea katika kipindi cha pili, anakosa pia kipindi cha kwanza cha mchezo unaofuata. Hilo ndilo lililokupata.

Nilikuwa pale, mwanangu. Nilikaa na mama yako safu za juu, na niliuona mpira ule uliorushwa juu mno, nikamwona mpokeaji akijinyoosha kisha akianza kuanguka, nikakuona wewe ukija. Mama yako alifunika uso kabla hujafika. Kitambaa cha njano cha kuashiria kosa kilipoanguka nyasini, watu wengi waliotuzunguka walipiga kelele za kuwalaani waamuzi, nami nilikuwa miongoni mwao. Nyumbani niliitazama video hiyo polepole, mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Nakubaliana nawe kwamba hukukusudia kumuumiza. Nakubaliana nawe pia kwamba mpokeaji aliposhuka, kidevu chake kilifika mahali ambapo nusu sekunde kabla palikuwa na kifua chake. Lakini tazama kichwa chako mwenyewe. Hatua moja kabla ya kumfikia, macho yako yalikuwa yanatazama nyasi. Ulikuwa umeinama, na utosi wako ndio uliotangulia.

Hilo ndilo ninalotaka tuzungumze, na nitakueleza kwa nini linanitisha kuliko adhabu uliyopewa.

Unasema sheria hii haina usawa, kwamba wengine wanafanya makubwa zaidi na kuachwa. Ni kweli waamuzi wanatofautiana, na mifano ipo. Tarehe 31 Desemba 2022, jijini Atlanta, Javon Bullard wa Chuo Kikuu cha Georgia alimgonga mpokeaji Marvin Harrison Jr. wa Chuo Kikuu cha Ohio State katika eneo la kufungia. Mwamuzi aliita kosa la kulenga kichwa, video ikarudiwa, kosa likafutwa. Harrison hakurudi uwanjani kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo, na Georgia wakashinda 42 kwa 41. Miaka miwili baadaye, Januari 1, 2025, katika jiji lile lile, Michael Taaffe, mlinzi wa mwisho wa Texas, alimgonga mpokeaji wa Arizona State, Melquan Stovall, dakika za mwisho matokeo yakiwa sare. Waamuzi walirudia video wakasema hakuna kosa, na Texas wakashinda baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Watu wa Ohio na wa Arizona wataendelea kubishana kuhusu maamuzi hayo hadi uzeeni. Sitakulazimisha uyapende. Hata walioiandika sheria wameirekebisha mara kadhaa: mwaka 2014 waliondoa adhabu ya yadi 15 pale video inapoonyesha kwamba kosa halikuwepo, mwaka 2019 wakataka marudio yathibitishe kila kipengele cha kosa au lifutwe, na tangu 2022 ipo njia ya kukata rufaa kwa aliyetolewa katika kipindi cha pili. Kama kocha wako anaamini ulionewa, mlango huo ulikuwepo, na ulipaswa kumuuliza kama aliubisha.

Lakini unapozungumza kana kwamba sheria hii imetungwa ili kumlinda mpokeaji dhidi yako, hapo nakupinga. Sheria dhidi ya kugonga kwa kichwa ilianza kwa ajili ya shingo ya anayegonga.

Helmeti ngumu zilipoenea, wachezaji walijiona salama na wakaanza kutumia vichwa vyao kama nyundo. Mtu akiwa ameinua uso, shingo ina mpindo wake wa asili, na misuli na pingili zinagawana mshtuko. Akiinamisha kichwa kidogo tu, mpindo ule unanyooka, pingili zinapangana kama matofali, na nguvu yote inapita moja kwa moja kutoka utosini. Mwili unaendelea kuja kwa nyuma huku kichwa kimeshasimama, na pingili zilizo katikati zinavunjika. Helmeti hulinda fuvu. Kwa shingo haina la kufanya. Mwaka 1976 vyuo na shule za sekondari vilipiga marufuku kugonga kwa kichwa, baada ya daktari Joseph Torg wa Philadelphia na wenzake kukusanya taarifa za vijana waliopooza mikono na miguu. Mwaka huo walihesabu vijana 34 wa namna hiyo. Mwaka 1984 walikuwa 5. Wengi wao, mwanangu, ndio waliokuwa wanamwangusha mwenzao.

Chucky Mullins alikuwa mlinzi wa nyuma wa Chuo Kikuu cha Mississippi, akivaa namba 38. Oktoba 28, 1989, timu yake ikicheza na Vanderbilt, mpira ulirushwa kwa Brad Gaines, na Mullins akaja kwa mbio, kama ulivyokuja wewe, akamgonga mgongoni kwa helmeti. Gaines aliinuka. Mullins hakuinuka tena. Pingili nne za shingo yake zilikuwa zimevunjika. Alirudi darasani akiwa katika kiti cha magurudumu, na akafariki Mei 6, 1991, akiwa na miaka 21. Kwa miaka mingi Gaines, aliyegongwa, amekuwa akisafiri kwenda Alabama kulisafisha kaburi la aliyemgonga. Umri wa Mullins siku ile ya Oktoba ulikuwa miaka 20. Wewe unatimiza 20 mwezi wa Machi.

Na usiniambie hayo ni ya zamani. Oktoba 2010 Eric LeGrand wa Chuo Kikuu cha Rutgers, mlinzi wa mbele aliyekuwa anakimbia kumzuia mchezaji wa Army, timu ya chuo cha jeshi, aliyerudisha mpira, aliinamisha kichwa wakati wa kugongana, akavunjika shingo. Yu hai, na amefanya mengi ya kuwasaidia waliopooza, lakini hajawahi kurudi kucheza. Alikuwa kijana mkubwa mwenye shingo nene kuliko yako.

Upande wa ubongo nitausema kwa ufupi, kwa kuwa najua umeshausikia na umechoka nao. Dave Duerson alikuwa mlinzi wa mwisho kama wewe, akiwa chuo cha Notre Dame kisha timu ya kulipwa ya Chicago Bears, na alikuwa mtu mwenye akili na biashara zake. Alijitoa uhai mwaka 2011 akiwa na miaka 50, akiwa ameacha ujumbe kwamba ubongo wake wapewe watafiti. Walikuta ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha kwamba waliukuta ugonjwa huo katika bongo 48 kati ya 53 za watu walioishia kucheza chuoni. Nakuwekea wazi kwamba bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi zilikuwa zimeshaona dalili, kwa hiyo hesabu hiyo haiwahusu wachezaji wote. Ila mama yako ameisoma, na ndiyo maana hufunika uso.

Sikwambii uache. Nilikuwa wa kwanza kumshawishi mama yako akubali ufadhili ule, na sijabadilika. Ninachokuomba ni kwamba ujifunze upya namna ya kumwangusha mtu. Babu yako alikuwa mchukuzi bandarini Tanga, na alituonyesha mara nyingi jinsi gunia linavyoingia begani huku uso ukitazama mbele na mapaja yakifanya kazi. Wenzake waliobeba kwa shingo hawakufika uzeeni wakiwa wima. Hayo ndiyo wanayofundisha sasa makocha walioiga mtindo wa raga: macho juu, bega kwenye nyonga au pajani, kichwa kikae pembeni ya mwili wa mpinzani, mikono ifunge miguu. Katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, Profesa Erik Swartz aliwapa baadhi ya wachezaji mazoezi ya dakika chache ya kuangushana bila helmeti, kwa kuwa mtu asiye na helmeti hukilinda kichwa chake bila kuambiwa, na kufikia mwisho wa msimu vichwa vyao viligongwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko vya wenzao. Chuo cha Dartmouth, chini ya kocha Buddy Teevens, waliacha kabisa kuangushana wao kwa wao mazoezini tangu 2010. Walitumia midoli, hata ya kuendeshwa kwa rimoti, na timu ile ilikuwa miongoni mwa mabingwa wa ligi yake mwaka 2015. Ukisikia mtu akisema ulaini huo unaua ulinzi, mtajie Dartmouth.

Mambo mawili naomba uyafanye wiki hii. Nenda kwa daktari wa timu umweleze maumivu ya shingo, kama ulivyomweleza mama yako, bila kupunguza. Najua unaogopa kupoteza nafasi yako kwa yule wa mwaka wa kwanza, lakini nafasi umeshaipoteza kwa kipindi kimoja, na kipindi hicho kinatosha kupigwa picha ya shingo. Kisha mtafute yule mpokeaji. Nimesikia anaendelea vizuri. Mtumie ujumbe tu, umuulize hali yake. Hakuna mwanasheria wala kocha anayeweza kukukataza hilo.

Jumamosi mama yako nami tutakuja. Tutafika mapema ingawa utakuwa umekaa nje kipindi cha kwanza, na amesema utakapoingia cha pili atajaribu kutazama.

Mjomba wako akupendaye