Barua ya malalamiko: seti ya visu vya jikoni, vipande 15

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA, NA MANENO YALIYOANDIKWA KWENYE BOKSI

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza ilijibiwa na ofisi yako kwa mistari michache: kwamba mpini uliopasuka ni "uchakavu wa kawaida" na kwamba makali kuisha ni "matokeo ya matumizi". Kwamba kisu kikitumika hupoteza makali, sibishi. Ninacholalamikia ni boksi. Kila sifa iliyonifanya nichague seti yenu nikaacha nyingine, nimeikuta ama si ya kweli ama haina maana yoyote. Nitazieleza kwa kirefu ili safari hii nijibiwe na mtu aliyewahi kushika kisu chenyewe.

Nianze na mpini, maana hapo ndipo mtu anapoweza kuumia.

Kisu kikubwa, kile cha sentimita 20, kina vichwa vitatu vya ribiti, yaani misumari ya kubania mpini, vinavyong'aa kila upande wa mpini. Anayenunua kisu kwa makini huvitazama hivyo kwanza. Vinamwambia kwamba chuma cha bapa hakikuishia pale mpini unapoanzia, bali kimeendelea hadi nyuma kabisa, kikabanwa katikati ya vipande viwili vya mti au plastiki, na ribiti zimetoboa vyote vitatu kutoka upande hadi upande. Mpini wa namna hiyo unaweza kuchakaa, ukaparara, ukabadilika rangi, lakini bapa haliendi popote.

Mpini wa kisu chenu ulipasuka nikiwa nakata boga, mkono wote umeegemea juu yake. Ndani nilikuta kijiti cha chuma kisichofika hata nusu ya mpini, kimezamishwa kwenye plastiki. Hakuna ribiti iliyopita popote. Vile vichwa vinavyong'aa ni vifuniko vilivyobandikwa kwa gundi. Kimoja kilibanduka nilipokigusa kwa ukucha. Ule unene wa chuma kati ya bapa na mpini, unaotakiwa kuwa sehemu ya bapa lenyewe, nao ni pete tupu iliyovishwa juu, na nyuma yake maji yalikuwa yamejikusanya pamoja na uchafu mweusi. Picha zimo humu.

Nisieleweke vibaya. Kijiti kifupi au chembamba peke yake si kosa. Visu vingi vya Kijapani vina mkia mwembamba uliopigiliwa ndani ya mpini wa mti, bila ribiti hata moja, na mpishi anavitumia miaka na miaka. Mpini ukichoka anatoa, anaweka mwingine. Lakini mafundi wale hawabandiki ribiti za bandia ili kisu kionekane kimejengwa vingine. Ninyi mlijua mnunuzi anatafuta nini, mkampa sura yake bila kitu chenyewe. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya kiwandani. Kuna mtu aliagiza vile vifuniko, na kuna mtu alivilipia.

Sasa chuma. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: "Chuma cha pua 18/10, kiwango cha kitaalamu". Ninyi mnauza hata vijiko, kwa hiyo nashangaa kwamba hakuna aliyeshtuka. Namba 18/10 ni ya vijiko, uma na sufuria: asilimia 18 za kromiamu na asilimia 10 za nikeli. Chuma hicho ni kizuri sana kwa kung'aa na kutoshika kutu, lakini hata ukipashe moto kiasi gani na kukipoza ghafla, hakikomai, yaani hakiwi kigumu, na kisichokomaa hakishiki makali. Ndiyo maana watengenezaji wa visu hawatumii chuma hicho kwa bapa. Nikaleta sumaku. Chuma cha 18/10 kwa kawaida hakivutwi na sumaku, au kinavutwa kidogo mno. Bapa lenu liliidaka papo hapo. Yaani kisu si cha 18/10 hata kidogo. Nashukuru, kwa kuwa kingekuwa kijiko kilichobanwa bapa, lakini basi ni chuma gani? Boksi halisemi, kikaratasi cha ndani hakisemi, na aliyenijibu kutoka ofisini kwako hakusema.

Na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anayechagua kisu anastahili kuambiwa. Haihitaji maelezo marefu. Mtengenezaji mwingine anaandika X50CrMoV15 pembeni ya bapa, na kwa hayo tu nimejua mengi: kaboni kama nusu ya asilimia moja, kromiamu karibu asilimia 15, molibdeni na vanadi kidogo. Ni chuma cha kawaida, si cha ajabu, na visu vingi vya Kijerumani vinavyoheshimika ndicho vimetengenezewa. Mwingine anaandika VG-10, chuma cha Kijapani chenye kaboni karibu asilimia moja. Najua kwamba huyo wa kwanza atakuwa laini kidogo, anavumilia kugonga mfupa kwa bahati mbaya, na huyo wa pili atakaa na makali muda mrefu zaidi lakini ukimpinda anameguka. Kila mmoja ana jiko lake. Chaguo ni la mnunuzi, mradi ameambiwa.

Vivyo hivyo ugumu, unaopimwa kwa kipimo cha Rockwell C. Visu vya jikoni vya Kijerumani kwa kawaida viko kama 55 hadi 58. Vya Kijapani vingi vimefika 60 na kuendelea. Ni tarakimu mbili. Zingetosha mahali penye neno "kitaalamu", ambalo limerudiwa upande huu wa boksi, upande ule, na juu ya mfuniko, na halijaniambia kitu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; na seti hii ilikuwa imetembezwa kweli kweli, kwa sababu juu ya yote hayo kuna ile ahadi ya dhahabu: "Makali ya milele, hakihitaji kunolewa". Nilipofungua boksi, kipande kimojawapo kati ya vile 15 kilikuwa fimbo ya chuma ya kunolea. Nilicheka. Kama makali ni ya milele, fimbo ni ya nini?

Hakuna kisu cha makali yasiyo na meno kisichohitaji kunolewa, cha bei yoyote, cha nchi yoyote. Ukingo wa makali ni mwembamba mno, na kila unapogusa ubao unajikunja kidogo au unasagika kidogo. Kwa hiyo swali la maana si kama kitahitaji kunolewa, ni kitakaa na makali kwa muda gani, na yakiisha yatarudi kwa urahisi kiasi gani. Chenu kimeshindwa hilo la muda. Nyanya ndiyo iliyonionyesha: kisu kikawa kinaibonyeza ganda, kinateleza, kinapasua pembeni. Naikatia juu ya ubao wa mti, si kioo wala sahani, kwa hiyo msinitafutie sababu huko. Nikakiweka kwenye kinoo, kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, ambayo chuma laini kinaiweza. Kikapata makali mazuri, kisha baada ya mapishi machache tu kikawa butu tena, na ukipitisha ukucha unasikia ukingo umelala upande mmoja. Chuma kinachofanya hivyo ama kina kaboni haba ama hakikukomazwa vizuri motoni. Siwezi kujua ni lipi, kwa sababu hamkuandika ni chuma gani, tumerudi palepale.

Kisu butu, Ndugu Meneja, ndicho kinachokata watu. Kikali kinaingia kinapoelekezwa. Butu unakikandamiza, kinateleza juu ya kitunguu, na kinakwenda kilipo kidole. Ongezea mpini unaopasuka, ndipo utaelewa kwa nini sikuridhika na neno "uchakavu".

Lakini jibu lililonikera kuliko yote ni lile la simu. Nilipomweleza mhudumu kwamba nimekinoa, akaniambia kwamba kukinoa kumevunja dhamana. Kisu hakihitaji kunolewa, kimekuwa butu, nikikinoa, dhamana imekufa, nisipokinoa, ubutu ni matokeo ya matumizi. Na fimbo ya kukinolea mmeniuzia ninyi wenyewe, imo kwenye hesabu ya vile vipande 15. Naomba mtu akae na sentensi hizo nne aniambie mteja alitakiwa afanye nini. "Dhamana ya maisha" imeandikwa kwenye boksi bila kusema maisha ya nani.

Kuna kipimo halali cha jambo hili, na hamhitaji kukibuni. Shirika la Kimataifa la Viwango lina kiwango cha ISO 8442-5, cha mwaka 2004, kinachopima ukali wa kisu na jinsi makali yanavyodumu: mashine inakisukuma kisu mbele na nyuma juu ya karatasi ngumu maalumu yenye chembechembe za silika, na inapima kila safari imekata kina gani. Kama visu vyenu viliwahi kupitishwa hapo, andikeni matokeo. Kama havijawahi, neno "milele" limetoka wapi?

Marembo. Bapa lina mawimbi ya kijivu na meupe, na boksi linayaita "muundo wa Damascus". Mawimbi ya kweli ya namna hiyo yanatokana na matabaka ya vyuma viwili tofauti, yaliyofuliwa pamoja yakashikana, kisha bapa likapitishwa kwenye asidi inayoila tabaka moja zaidi ya jingine. Yamo ndani ya chuma. Ukilisugua bapa yanaweza kufifia, lakini ukilirudisha kwenye asidi yanatokea tena. Yenu yamechorwa juu. Upande wa kukwangulia wa sponji umeyafuta karibu na mpini, na chini yake ni chuma kitupu, rangi moja. Marembo hayakati, hata yale ya kweli hayafanyi kisu kiwe kikali zaidi, kwa hiyo nisingelalamika kama mngeyaita urembo. Mliyaita muundo.

"Kimefuliwa kwa mkono" nayapita haraka. Unene wa bapa ni uleule kuanzia kisigino, pale karibu na mpini, hadi karibu na ncha, na ile pete niliyoitaja imevishwa kando. Kimekatwa kwa mashine kutoka kwenye sahani ya chuma. Si aibu, visu vya kukatwa kwa mashine vimo kwenye majiko ya kazi duniani kote, ni vyepesi, na vingine ni bora kuliko vya kufuliwa. Semeni tu.

Mashine ya kuoshea vyombo: boksi lina picha ya kuruhusu, kikaratasi cha ndani kinasema oshea mkono na ukaushe mara moja. Kikaratasi ndicho sahihi. Joto, sabuni kali na kugongana na vyombo vingine huharibu makali na mipini. Futeni picha.

Na kuhusu idadi. Ondoa kigogo cha kuvichomeka, mkasi, ile fimbo, na visu sita vya mezani, vimebaki visu sita vya kupikia. Katika hivyo, mpishi wa nyumbani anahitaji kikubwa, kidogo cha kumenyea, na cha mkate chenye meno. Vitatu vilivyobaki vinafanana mno hata nilikuwa nakosea nikivichomoa. Cha mkate, kwa haki, sina ubaya nacho, kinakata vizuri. Fedha iliyomwagwa kwenye vipande kumi na viwili ingewekwa kwenye chuma cha vile vitatu, nisingekuwa naandika barua hii.

Ninachodai ni hiki. Mnirejeshee fedha yote, si ya kisu kimoja, kwa kuwa seti iliuzwa kama kitu kimoja kwa maelezo yaleyale. Sitaki seti mbadala wala punguzo la ununuzi ujao. Gharama ya kuirudisha iwe yenu. Pili, mniandikie jina la chuma kilichotumika na ugumu wake; mtengenezaji wenu anavijua, maana bila hivyo asingeweza kukikomaza. Tatu, mtoe kwenye boksi maneno "18/10", "kimefuliwa" na "hakihitaji kunolewa", na vile vifuniko viache kubandikwa. Seti zilizokwisha kuuzwa zina mpini huohuo, na wanaozitumia hawajui kilichomo ndani. Hao nao waarifiwe.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, barua hii pamoja na kisu chenyewe vitakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji na kwa shirika la viwango. Kisu nimekihifadhi kama kilivyopasuka. Msikiombe kwanza "kwa uchunguzi". Njooni mkione, au tumieni picha nilizoambatisha.

Wenu,
Mteja.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha za mpini uliopasuka na kifuniko cha ribiti kilichobanduka, picha ya bapa lililofutika marembo, picha za pande zote za boksi, nakala ya jibu lenu la kwanza.