Unahama wiki ya Krismasi? Ufunguo kwanza, gari baadaye

Sisi kazi yetu ni kuhamisha watu hapa Mbeya, na kuanzia katikati ya Desemba simu yetu haipoi. Waliolipa kodi ya miezi sita mwezi Julai, muda wao unaisha tarehe 31. Shule zimefungwa, kazini kuna likizo, basi kila mtu anaona wiki ya Krismasi ndiyo ya kuhama. Lakini vijana wanaobeba makabati yako nao wana kwao. Ikifika tarehe 23, wa Kyela na Tukuyu wameshaondoka, na kirikuu zilizobaki Mwanjelwa zinagombaniwa na wenye mchele na kreti za soda. Bei inapaa, na anayekubali kukubeba siku hiyo hata kamba za kutosha hana.

Mwaka jana tulimhamisha mama mmoja kutoka Soweto kwenda Isyesye, tarehe 24 mchana. Tunafika, mpangaji wa zamani bado yumo: amekosa basi. Mwenye nyumba hapokei simu. Mvua ikashuka. Tulikaa pale saa tatu nzima, vitu viko juu ya gari chini ya turubai, na jogoo wa sikukuu kafungwa miguu ndani ya beseni, anawika kila radi ikipiga. Mama alicheka. Sisi tulikuwa na mzigo mwingine unatusubiri Iyunga, hatukucheka sana.

Tangu siku hiyo hatupakii hata kijiko kabla mteja hajatuonyesha ufunguo. Siyo "mwenye nyumba amesema". Ufunguo.

Kama una nafasi ya kuchagua, hama kabla ya tarehe 20, au subiri kati ya 27 na 30. Na iwe asubuhi, maana mvua za huku mara nyingi zinaanza mchana, na njia ya udongo ikishalowa Canter haipandi. Hapo gari linabaki barabarani, kabati linakwenda kwa mabega, na mabega yana bei yake. Ndiyo maana tunakuja kuiona njia kwanza, bure. Ukituambia gari linafika mpaka mlangoni, tutakuuliza: kiangazi au masika?

Godoro tunalivisha nailoni wenyewe. Friji husafiri imesimama. Ikilazimika kulazwa, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha, hata kama nyama ya sikukuu inasubiri. Mtungi wa gesi ufungwe vizuri. Uniti za Luku hazihami na wewe, zinabaki kwenye mita unayoiacha, kwa hiyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo, na uiombe mapema namba ya mita ya unakokwenda usije ukalala gizani.

Sufuria la pilau, viungo, mashuka na nguo za sikukuu za watoto vitie kwenye kiroba chake, kipakiwe mwisho kabisa. Tumeshamwona baba akipasua boksi baada ya boksi usiku wa mkesha, anatafuta kiatu kimoja cha mtoto.

Tarehe 25 hatufanyi kazi. Tarehe 26 ni kwa waliopanga nasi mapema tu. Nusu ya malipo inatangulia, iliyobaki unatoa kitu cha mwisho kikishaingia ndani. Tunahamisha kuanzia Uyole hadi Mbalizi, Tukuyu tunazungumza. Jogoo hatozwi.