Kimeng'enya kilichojiziba mdomo

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: kama DNMT1, kimeng'enya (protini ya kazi) kinachobandika methili, alama ndogo ya kikemikali, kwenye DNA, imo katika kila seli inayogawanyika, kwa nini haibandiki methili kwenye kila sitosini (herufi C ya DNA) inayokutana nayo? Nami swali hilo lilinisumbua sana. Miezi mingi nilikodolea macho mpangilio wa asidi amino, yaani matofali ya protini hiyo, herufi kwa herufi, nisiambulie kitu. Siku nilipofungua umbo lenyewe kwenye kompyuta na kuligeuzageuza, nilicheka peke yangu.

Anza na bakteria. Mwaka 1994 lilichapishwa umbo la kimeng'enya kiitwacho HhaI, nacho hubandika methili, kikiwa kimeikumbatia DNA. Sitosini haikuwa mahali pake! Ilikuwa imezungushwa hadi nje ya nyuzi pacha na kuingizwa kwenye mfuko wa kimeng'enya, na pengo ililoliacha likazibwa na asidi amino. Humo mfukoni, sisteini, asidi amino moja ya kimeng'enya, hujishikiza kwenye kaboni ya 6 ya sitosini. Mshiko huo ndio unaoiamsha kaboni ya 5 hata ikapokea methili kutoka kwa SAM, molekuli inayobeba methili, iliyo jirani, kisha sisteini huachia. Watafiti walikinasa kimeng'enya kazini kwa kuweka florini kwenye kaboni hiyo ya 5, kikashindwa kuachia. Ujanja mtupu.

DNMT1 ya binadamu ina mfuko wa namna hiyo hiyo, ila yenyewe hujifungia. Kati ya asidi amino zake 1,616, sehemu inayobandika methili ni kama theluthi tu, huko mwishoni. Kipande kingine, RFTS, hujikunja na kukaa palepale DNA inapotaka kupita, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja chake. Anayekiondoa kiganja ni protini UHRF1. Hiyo hutafuta DNA iliyotoka kunakiliwa, ambayo uzi wa zamani una methili na mpya bado, halafu hubandika yubikwitini, protini ndogo ya kuwekea alama, kwenye histoni H3 ya hapo, moja ya protini ambazo DNA huzizunguka. RFTS ikiishika histoni yenye alama hiyo, mdomo unakuwa wazi. Yaani kimeng'enya hakichagui kwa akili. Umbo lake linaachiwa pale tu panapohitaji kazi.

DNMT3A, kimeng'enya kingine kinachobandika methili mahali papya, ina kizuizi chake, kipande kiitwacho ADD. Mkia wa H3 ukiwa hauna methili kwenye lisini ya 4 (asidi amino yake ya nne), ADD huushika na kupisha njia. Ndugu yake DNMT3L hana uwezo wa kubandika hata methili moja, lakini akiiegemea ubavuni, DNMT3A huchapa kazi zaidi. Hilo nililikataa kabisa nilipolisikia mara ya kwanza.

Sasa lile badiliko la R882 ulilonitajia, yaani la asidi amino ya 882 ya DNMT3A, linalojitokeza sana katika saratani ya damu ya AML. Usilitafute mfukoni, halimo. Liko kwenye maungio, pale DNMT3A mbili zinapogusana, karibu na DNA.

Ukipata nafasi, fungua umbo la HhaI kwenye Protein Data Bank, hazina ya mtandaoni ya maumbo ya protini, namba 1MHT. Ficha protini yote, ubakize DNA peke yake, uione ile sitosini ilivyochomoza nje.

Rafiki yako,
Salma