Mwenye nyumba apeleke malalamiko yake mlango gani?

Bwana Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu, mjane, mkaaji wa komine ya Katuba hapa Lubumbashi. Ninaandika juu ya makampuni ya ujenzi yenye karatasi zote za serikali, yanayokuja kutengeneza nyumba zetu na kuziacha pabaya kuliko yalivyozikuta. Juu ya fundi wa barabarani sote tumeshaonywa tangu zamani. Juu ya hawa wenye muhuri nasikia kimya tu.

Nyumba yangu aliijenga marehemu mume wangu kwa fedha aliyopewa mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walipoanza kuondoka kazini kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Malata ya paa yalikuwa yameliwa na kutu. Watoto wangu, mmoja yuko Kolwezi na mwingine Likasi, walichanga, nami nikatia zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, ili tuezeke upya kabla ya mvua. Nilienda kwa kampuni yenye ofisi katikati ya mji. Mkubwa wake alinionyesha namba ya RCCM, yaani ya daftari la biashara la serikali, namba ya utambulisho wa taifa na namba ya kodi. Nilizisoma moja moja. Zilikuwa karatasi za kweli, na hata leo ni za kweli.

Devi yao, yaani karatasi ya bei ya kazi, iliandikwa hivi: malata 60 ya BG 28, mbao mpya pale palipoliwa na mchwa, misumari yenye mpira, plafoni (dari) ya vyumba viwili. Jumla dola 3,400. Walidai avansi ya asilimia 70, yaani dola 2,380, kabla hata ya kuleta ngazi. Zilizobaki ningelipa siku ya kumaliza. Nililipa zote kama tulivyoandikiana.

Nieleze kidogo hiyo BG 28, maana fedha nyingi za mji huu zinapotelea hapo. Namba ikipanda, lata linapungua unene. BG 28 ina karibu milimita 0.4. BG 30 ina karibu 0.3. BG 32 ni milimita 0.25 tu. Yakiwa mapya yanang'aa sawasawa, na mtu aliyesimama chini ya ngazi hawezi kuyatofautisha. Lakini lata la BG 32 fundi akilikanyaga mahali pasipo na mbao linabonyea, maji yanatuama, tundu la msumari linapanuka, na ule upepo wa Oktoba unaotangulia mvua ukilitikisa siku mbili tatu linaanza kuachia. Lata jembamba lina bei rahisi. Ndiyo sababu kampuni inaandika 28 na kupandisha 32, kisha tofauti inabaki mfukoni mwake.

Novemba maji yaliingia kwenye ukumbi na juu ya kitanda cha wajukuu. Plafoni mpya ikavimba, ikaanguka vipande. Kijana wa jirani, anayeuza katika duka la vifaa vya ujenzi, alipanda juu na kipimo chake. Lata la kwanza: 0.25. Akaenda upande wa pili wa nyumba: 0.25. Akaniita pia nitazame mbao. Zile zilizoliwa na mchwa hazikubadilishwa. Zilipakwa mafuta machafu ya gari ili zionekane nyeusi na nzima. Katika devi nililipia mbao hizo.

Mkubwa wa kampuni aliniambia, "Mama, mvua ya mwaka huu imezidi, malata hayana kosa." Nilipomwekea vipimo mezani alisema mambo ya paa ni ya wanaume, nimlete mtoto wangu wa kiume waongee. Maneno hayo yaliniumiza kuliko maji yaliyoingia ndani. Nimewafundisha watoto wa mji huu hesabu maisha yangu yote ya kazi. Najua kwamba 0.25 si 0.4, na sihitaji mwanaume wa kunithibitishia.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo linalonifanya niandike barua hii. Ofisi iliyoipa kampuni namba ilinijibu kwamba kazi yake ni kuandikisha, haiangalii malata ya mtu. Wanaohusika na mambo ya ujenzi walisema wao wanatazama ruhusa ya kujenga na mipaka ya kiwanja, na mimi sikujenga, nilitengeneza tu. Polisi walisema ni deni kati ya watu wawili, niende kwa mahakimu. Wakili niliyemwona, kijana mwenye heshima, alinipigia hesabu ya gharama yake na ya mtaalamu wa kuja kupima, nikaona itakula karibu fedha yote ninayoidai. Yeye hakunidanganya. Alinisomea hata sheria yenyewe, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado inatumika kwetu: kifungu cha 33 kinasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya, na kifungu cha 258 kinamlazimisha aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ailipe. Kwa hiyo haki ninayo. Ninachokosa ni mahali pa kuidai pasipohitaji fedha ya kununua paa jingine.

Shemeji yangu anaishi California, Marekani. Nilipomwandikia alishangaa kwamba hatuna bodi. Kwao jimbo lina bodi ya leseni za makandarasi tangu mwaka 1929. Bodi hiyo inayotoa leseni ndiyo inayopokea malalamiko ya mwenye nyumba, bila malipo, na inaweza kuisimamisha leseni au kuifuta. Kila mkandarasi mwenye leseni anaweka dhamana ya dola 25,000. Tena kwa kazi ya kutengeneza nyumba haruhusiwi kudai avansi inayopita asilimia 10 ya bei au dola 1,000, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa sheria hiyo, kwenye devi yangu mtu angepokea dola 340 kabla ya kuanza. Mimi nilitoa 2,380, na tangu siku ile sikuwa na nguvu yoyote tena mbele yao.

Najua makampuni yatajibu nini, na baadhi ya majibu yao ni ya kweli. Malata mengi yanapita mpaka wa Kasumbalesa na ushuru wake. Bei inabadilika kati ya siku ya devi na siku ya kununua. Wako wateja wanaokataa kumalizia deni. Basi waiandike bei ya kweli na waseme wazi kwamba ni BG 32. Mtu atachagua kwa kadiri ya mfuko wake. Fundi mmoja asiye na karatasi hata moja alinijengea ukuta wa uani mwaka 2011, akanieleza mwanzoni kwamba fedha yangu haitoshi saruji ya kutosha, akapendekeza ukuta mfupi. Ukuta huo umesimama, hauna ufa.

Ninaomba serikali ya jimbo la Haut-Katanga iamue kwamba ofisi inayoitambua kampuni ya ujenzi iwe pia na daftari la malalamiko, na mtu wa kupanda juu ya paa na kipimo. FEC, shirikisho linalowakusanya wenye makampuni wa Kongo, ingeweza kuanza hata kesho kuwaita wanachama wake wakae na wateja mezani, bila kungoja sheria mpya. Na wenzangu wenye nyumba, hasa ba mama wanaoishi peke yao: unene wa lata uandikwe kwenye devi kwa milimita, yapimwe yakiwa bado chini, kabla hayajapigiliwa, na fedha itoke kidogo kidogo kwa kadiri kazi inavyoendelea.

Mvua zikiisha mwezi wa Aprili, makampuni haya yataanza tena kutembeza devi katika komine za Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi. Ninawaomba wakubwa wanaohusika wanijibu katika gazeti hili kabla ya siku hizo: mwenye nyumba aliyedhulumiwa na kampuni yenye RCCM apeleke barua yake ofisi gani, na nani atakayeisoma?

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi